Benchi la Nyuma ya Goli

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anashona magodoro. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mama Godoro kwa wakubwa na wadogo, na ukimwita vingine hageuki. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba, chenye mlango mpana wa mbao unaofunguka barabarani. Ndani kuna cherehani moja ya zamani, meza ndefu ya kukatia, marobota ya pamba, na sponji zilizopangwa mpaka darini. Ukiingia unapiga chafya kwanza, halafu ndiyo unasalimia.

Ni mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na vidole vyake vimekuwa vigumu kwa ile sindano ndefu iliyopinda. Mume alimfia binti yao akiwa bado hajaanza shule. Ndugu wa marehemu walikuja na huruma zao, wakamshauri arudi kwao, karakana waiendeshe wao. Akawapa viti, akawapa chai, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia kwamba chai ikiisha, mlango ni uleule walioingilia. Nilikuwepo siku hiyo, bado mgeni katika ukoo, na niliogopa kweli. Mimi ni mtu wa kusali na kukubali. Wifi yangu naye anasali, tunakwenda pamoja, lakini kukubali hakumo kwake. Niliwahi kumwambia kwamba unyenyekevu nao ni ibada. Akasema ananiachia mimi fungu hilo, yeye atachukua yaliyobaki.

Binti alikua, akaajiriwa kiwanda cha sabuni, kitengo cha kufungasha. Kiwanda kina timu ya wanawake ya mpira wa magongo, na wakati ule timu haikuwa na kipa. Kila aliyejaribu alisimama golini siku moja, akaona ule mpira mdogo mgumu unavyokuja, akakumbuka ana kazi nyumbani. Binti wa wifi yangu alisimama, akapigwa, akasimama tena. Akawa Kipa, na leo hata bibi yake mzaa baba anamwita Kipa.

Mara ya kwanza wifi alikwenda kiwanjani ili amkataze. Akakuta vikinga vya miguu alivyopewa mtoto vilishonwa kwa ajili ya mwanamke mnene wa miguu, na kwa binti mwembamba vilikuwa vinazunguka mpaka vinatazama nyuma. Ugomvi wote ukahamia kwenye vikinga. Alisahau kukataza. Alivichukua nyumbani, akavifumua, akavijaza sponji ngumu, ile ya magodoro ya watu wenye maumivu ya mgongo, akavivalisha turubai jipya. Jumamosi iliyofuata akaenda kuona kazi yake inashika vipi. Tangu siku hiyo ugonjwa ukamwingia, na mimi akaniambukiza.

Hapa inabidi nieleze tunavyokaa. Mashabiki wengi hupenda kukaa pale wanapotarajia timu yao ifunge. Sisi watu wa Sabuni tunakaa nyuma ya goli letu wenyewe. Tuna benchi moja refu la mbao, na kipindi cha pili timu zikibadilishana pande, nasi tunalibeba benchi letu kukatisha kiwanja, wanaume mbele, akina mama nyuma. Wapinzani wanatucheka, wanasema mazishi yanapita. Acha wacheke. Magoli tunayofunga hatuyaoni vizuri. Tunaona migongo na mikono iliyoinuliwa, basi tunajua mambo ni mazuri. Lakini yale yanayozuiwa tunayaona mpaka jasho.

Mechi ikiisha, mjadala unahamia karakanani kwa wifi, kwa kuwa hakuna mahali pengine mtaani penye pa kukalia pengi na laini namna ile. Watu wanakaa juu ya magodoro ambayo hayajafungwa mdomo, na wifi anawainua kwenye yale yaliyokwisha kupata wenyewe. Mwenyekiti wetu ni Kinyozi, jirani yake, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi, anayeamini hakuna timu iliyowahi kushinda kwa kujificha nyuma. Anayembishia kila mara ni Mzee wa Barua, mstaafu wa posta, ambaye huzungumza polepole sana mpaka wasikilizaji wanasahau alianzia wapi. Meza ya kukatia ndiyo kiwanja. Vifungo vya magodoro ndiyo wachezaji, mkasi ndiyo goli, kipande cha chaki ndiyo mpira. Kinyozi akipandwa na hasira anavisukuma vifungo vyote mbele na kuuacha mkasi peke yake. Wifi anavirudisha kimoja kimoja, bila hata kumtazama.

Mwaka huu tulipata kocha mpya. Kijana mpole, mwalimu wa michezo wa sekondari, asiyepandisha sauti akikasirika, ndiyo maana wengi walidhani hakasiriki. Alipofika tu akagusa kitu ambacho hatukutegemea kiguswe: ulinzi wa kona fupi.

Kwa asiyejua, kona fupi ni adhabu. Kipa na mabeki wanne wanasimama nyuma ya mstari wa goli. Mpinzani mmoja anausukuma mpira kutoka mstari huohuo hadi nje ya nusu duara iliyochorwa mbele ya goli, mwenzake anausimamisha, na wa tatu anauachia kwa nguvu zake zote. Mpira ukisukumwa tu, mabeki nao wanachomoka. Wa kwanza anakimbia moja kwa moja kwenda kukutana na lile gongo, amevaa barakoa usoni, na mimi humwombea huyo kuliko wote. Zamani tulikuwa tunatoa wawili mbio, na wawili wanabaki, kila nguzo na mtu wake. Kocha mpya akasema hapana. Mmoja akimbie, wa pili amfuate kwa nyuma kidogo, wa tatu asimame katikati aokote mpira unaorudi, wa nne alinde nguzo ya kulia. Nguzo ya kushoto isiwe na mtu.

Karakana ilichemka. Kinyozi akasema kuacha nguzo bila mtu ni sawa na kuacha mlango wazi halafu ukakaa sebuleni na rungu. Mzee wa Barua akasema huenda Kocha anataka mwizi apitie mlango ambao yeye anaujua. Kinyozi akamuuliza tangu lini watu wa posta wakawa wataalamu wa wezi. Mzee akajibu, kwa ule upole wake, kwamba ameishi jirani na kinyozi muda wa kutosha. Tulicheka sana. Wifi hakucheka. Siku hiyo alikuwa upande wa Kinyozi, jambo ambalo ni nadra. Alisema kila kitu ambacho yule kijana anakiacha wazi, anamwachia mwanawe akizibe peke yake.

Sasa ikaja mechi na timu ya Chuo. Ikatokea kona fupi dhidi yetu. Beki wa kushoto ni msichana aliyekulia nyumba ya pili kutoka kwa wifi. Mama yake alikuwa akifanya kazi zamu za usiku, kwa hiyo wifi ndiye aliyemwogesha, akamsuka, akamchapa alipostahili. Mpira ukasukumwa, na msichana akaanza kwenda katikati kama Kocha alivyoagiza. Wifi akasimama kwenye benchi akaita, kwa ile sauti yake ya kuita watu kutoka mtaa wa pili: "Rudi nguzoni."

Msichana akarudi. Hakuwaza, ukiitwa na mama aliyekuogesha, mwili unageuka wenyewe. Akakimbilia nguzo na kupita mbele ya Kipa wakati uleule mpira unapigwa. Kipa hakuona kitu. Ubao ulio ndani ya goli ukalia, tukafungwa, na mechi ikaishia hapo.

Jioni ile Kinyozi alitaka tukaombe Kocha afukuzwe. Lakini Kocha alikuwa na masikio, na aliyasikia yote kiwanjani. Wiki haijafika mbali, klabu ikaleta ujumbe: benchi la mashabiki lihamishiwe pembeni ya kiwanja, karibu na wachezaji wa akiba, na shabiki yeyote asikae nyuma ya goli. Ilikuwa imebaki mechi moja, dhidi ya timu ya Umeme. Sare ingetubakiza daraja la kwanza. Kufungwa kungetushusha.

Nilidhani mashabiki wote watapinga. Kumbe Kinyozi alifurahi; tangu zamani alitaka kukaa mahali pa kuona magoli yetu. Mzee wa Barua akasema kocha ana haki ya kusikilizwa na mabeki wake. Wengine wakasema pembeni kuna kivuli. Wifi akabaki peke yake. Hata mimi nilijaribu. Nilimkuta anafunga mdomo wa godoro, nikamwambia taratibu kwamba tukikaa pembeni hatupungukiwi na kitu, mchezo ni uleule. Akavuta uzi mpaka ukalia. "Wifi, wewe hama," akasema. "Kivuli kinakufaa." Iliniuma. Lakini ukiishi na mtu miaka mingi unajua neno gani ni la kwako na neno gani limepita tu karibu nawe. Sikuondoka. Nilishika upande wa pili wa godoro, tukamaliza kushona.

Siku mbili kabla ya mechi Kocha alikuja mwenyewe karakanani. Tulikuwa wote, Kinyozi juu ya sponji, Mzee wa Barua kwenye kiti chake. Kijana akavua kofia mlangoni, akapiga chafya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Si hapo, hilo lina mwenyewe."

Akakaa juu ya robota la pamba. Alizungumza vizuri, sitamsingizia. Alisema hana shaka na mapenzi ya Mama kwa timu. Alisema vile vikinga vya miguu hata timu kubwa hazina vya namna ile. Lakini mabeki hawawezi kuwa na vichwa viwili, na wale wasichana wakimsikia Mama wanamsahau kocha, na hilo si kosa lao. Sindano ya wifi haikusimama hata kidogo wakati anaongea.

"Kwa hiyo nakuomba," akamaliza, "benchi likae pembeni."

"Sihami."

"Ni uamuzi wa klabu, Mama."

"Basi klabu ndiyo ikae pembeni."

Kinyozi akakohoa, akaanza kusema kwamba yeye kama mwenyekiti anaona busara ni kutii. Wifi akamwambia asubiri zamu yake, hapa hakuna anayenyolewa. Kocha hakucheka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mwalimu anayetafuta njia nyingine ya kueleza somo, kisha akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.

"Kwa nini iwe pale tu? Nieleze, nielewe."

Wifi akaweka sindano chini. Akamweleza habari za mechi moja ya zamani, kabla ya huyu kocha kuja. Mpira ulimpiga Kipa chini ya kidevu, pale kofia inapoishia na kinga ya shingo haijaanza. Mpira ukaruka, mabeki wakauwahi, ukapelekwa mbele, na kiwanja kizima kikaufuata. Watu wote walikuwa wanashangilia shambulizi letu. Nyuma, golini, mtoto alikuwa amelala.

"Alikuwa anatafuta pumzi haipati," akasema wifi. "Refa anatazama kule. Kocha aliyekuwepo anatazama kule. Hata wewe ungetazama kule, sikulaumu, ndiyo kazi yako. Kazi yangu ni kutazama huku."

Mimi nilikuwepo siku ile; wifi aliruka uzio, nami nikaruka nyuma yake na viatu vikabaki. Lakini tangu wakati huo wifi hakuwahi kuyataja, na sisi tulidhani yamepita. Hata Kipa mwenyewe huyasimulia kwa mzaha. Nilimtazama wifi yangu nikaona kwamba Jumamosi zote hizi, wakati sisi tunaangalia mchezo, yeye alikuwa zamu.

Kocha alizungusha kofia mikononi. "Na kelele, Mama?"

"Kelele ni jambo lingine. Niambie ninyamaze, nitanyamaza. Usiniambie nihame."

Mzee wa Barua ndiye aliyeanza kucheka, polepole kama anavyofanya kila kitu. "Mama Godoro," akasema, "kunyamaza." Chumba kizima kikaangua kicheko, na Mungu anisamehe, nami nilicheka. Kocha naye alitabasamu. Wifi alitusubiri mpaka tukamaliza.

Wakakubaliana mbele yetu wote. Jumamosi benchi litakaa palepale. Likitoka neno moja tu la kuwaagiza mabeki, mchezo ukiendelea, benchi litahama na yeye atahama nalo kwa miguu yake, asirudi tena nyuma ya goli. Asiposema, mahali pale ni pake, na klabu isimguse. Wakapeana mikono. Kinyozi akasema atahakikisha mwenyewe.

Jumamosi ikafika. Wifi alivaa gauni lake la ibada, jambo lililonishangaza, akakaa katikati ya benchi, akaweka kipande cha uzi katikati ya meno kama afanyavyo akiwa kazini. Mzee wa Barua akakaa kulia, mimi kushoto. Kinyozi, ambaye alikuwa amekwisha kuhamia kivulini, alirudi kusimama nyuma yetu, si kutazama mchezo bali kutazama mdomo wa wifi yangu. Nilimwomba Mungu aufunge mdomo huo. Halafu nikaona haya, maana wako wagonjwa wanaomhitaji, na mimi namshughulisha na mdomo wa mtu mzima.

Umeme walianza kwa kasi. Wana mshambuliaji mrefu anayepiga mpira kama anapasua kuni. Mara mbili tatu alikuja mpaka kwenye nusu duara, na mara zote wifi alikaza tu meno kwenye uzi. Lakini nikaona jambo lingine. Kipa alikuwa anageuka. Mpira ukiwa mbali, anageuza kichwa chake kizito chenye kofia, anatutafuta bila kutupata, anarudisha macho mbele. Baada ya muda, anageuka tena. Miaka yote amecheza akiwa na sauti mgongoni. Leo mgongoni kulikuwa kimya, na kofia ile haimruhusu kuona nyuma mpaka azungushe mwili mzima.

Ndipo tukafungwa. Yule mrefu aliupata mpira pembeni, akaingia, na Kipa alikuwa ndiyo kwanza anarudisha uso mbele. Mpira ukapita kando ya kiatu chake, ukagonga ubao. Umeme wakaruka. Nyuma yetu Kinyozi akasema kwa uchungu kwamba afadhali wakati ule wa kelele, sasa tumefungwa kwa heshima.

Wifi aliuma uzi wake. Alikuwa amekuwa mweupe midomoni. Nilimgusa mkono, ulikuwa baridi.

Mapumziko yakafika, tukainua benchi kulihamishia upande wa pili. Mashabiki wa Umeme wakaanza wimbo wao wa mazishi. Katikati ya kiwanja tukapishana na Kipa, amevua kofia, uso umelowa jasho. Wifi akasimama. Kwa kuwa alikuwa amebeba pembe ya benchi, wote tukalazimika kusimama.

"Niko," akamwambia. "Sisemi, lakini niko. Usigeuke tena."

"Nilidhani wamekutoa," akasema Kipa.

"Nani anitoe."

Msichana akacheka, akajifuta uso kwa mkono wa jezi, akaenda zake. Kinyozi hapohapo akadai kwamba ahadi imevunjwa, amesikia kwa masikio yake, Mama amesema. Tuliweka benchi chini katikati ya kiwanja, huku watu wanatutazama. Wifi akamgeukia.

"Nimesema na mwanangu, wakati wa mapumziko. Mabeki wale kule wanakunywa maji. Nenda ukawaulize nimewaagiza nini."

Kinyozi akamtafuta Kocha kwa macho. Kocha alikuwa amesimama karibu, karibu sana, na hakuna namna ambayo hakusikia. Alimtazama wifi kidogo. Kisha akawageukia wachezaji wake akaanza kuwaeleza habari za pasi za pembeni. Basi tukabeba benchi letu tukaendelea.

Kipindi cha pili Kipa hakugeuka hata mara moja. Goli letu la kusawazisha lilipatikana huko mbali, na kama kawaida hatukuliona. Tuliona migongo, tukaona mikono juu, Mzee wa Barua akasema kwamba inaelekea tumefunga, na alipomaliza sentensi mchezo ulikuwa umekwisha kuanza tena.

Halafu dakika za mwisho, refa akanyoosha mikono. Kona fupi kwa Umeme.

Mabeki wakaja kujipanga mbele yetu, karibu kiasi kwamba nilisikia wanavyohema. Mkimbiaji akafunga barakoa. Mwingine akasimama nguzo ya kulia. Na nguzo ya kushoto, kama Kocha alivyotaka, haikuwa na mtu. Kutoka pale nyuma uwazi ule ulionekana mkubwa kama mlango wa karakana. Kinyozi akanong'ona kwamba tumekwisha, wakipiga pale tumekwisha. Mkono wa wifi ukanishika kifundo cha mkono, na alama za vidole vile nilikaa nazo siku kadhaa.

Hapo ndipo yule beki wa kushoto, yule msichana wake wa kumwogesha, alipogeuza shingo akatazama benchi letu. Aliuliza kwa macho tu: niende, au nibaki nguzoni? Alikuwa tayari kumtii. Wifi angeweza hata kutikisa kichwa, na hakuna ambaye angethibitisha.

Wifi akainamisha uso, akatazama viatu vyake. Akakaa hivyo, kidevu kifuani, ili hata macho yake yasiagize. Kwa hiyo yeye, ambaye alipigania kukaa pale ili aone, wakati huo hakuona. Mimi ndiye niliyeona kwa niaba yake.

Msichana akageuka mbele. Mpira ukasukumwa. Mkimbiaji akachomoka, beki wa kushoto akaenda katikati kama alivyoagizwa, yule mrefu akainua gongo na kuuachia mpira, chini chini, moja kwa moja kwenye nguzo ya kushoto. Mguu wa Kipa ulikuwa umekwisha kufika. Sijui niseme vipi. Mpira ulikuwa bado njiani na mguu uko pale unausubiri. Ukapiga kikinga kwa mlio ule wa godoro linalopigwa vumbi, ukarudi katikati, na msichana aliyesimama pale akaufagia mpaka nje. Haukupita muda refa akapuliza. Sare. Tumebaki daraja la kwanza.

Wifi aliinua uso. "Kipa amesimama?" akauliza.

"Amesimama, wifi. Kazuia."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Akasema amina, akatema uzi, akaomba maji.

Watu walipomaliza kushangilia Kocha alikuja mpaka kule nyuma. Kinyozi akawahi kumpa mkono na kumweleza kwamba tangu mwanzo alikuwa na imani naye. Kocha akamshukuru, akapita, akakaa kwenye benchi letu, pale aliponyanyuka Mzee wa Barua. Akatazama goli kwa nyuma, nyavu na nguzo na kiwanja chote mbele yake, kama mtu aliyeingia chumba cha nyumba yake ambacho hakuwahi kukifungua.

"Ile nguzo niliiacha makusudi, Mama," akasema. "Mpigaji akiona pako wazi, hapigi kwingine. Kipa anajua mpira utakwenda wapi kabla haujapigwa."

Wifi akanywa maji. "Mwanangu alijua?"

"Tumefanya mazoezi wiki nzima."

"Hakuniambia."

"Nilimkataza."

Wifi akamtazama kijana kwa muda mrefu, kama anavyotazama sponji kabla ya kuinunua, akitafuta ilipolegea. "Basi una akili," akasema. "Lakini siku watakapopata mpigaji mwenye akili kukuzidi, pale patahitaji mtu."

"Hapatakuwa na mtu, Mama."

"Tutaona."

"Na msimu ujao utanyamaza?"

"Msimu ujao nitakaa hapa. Hilo tumelimaliza, mimi na wewe. Habari za mdomo njoo karakanani tuzizungumze, na ulete sababu nzuri kuliko hizi."

Kocha akacheka. Akachukua gongo lililokuwa chini, akaanza kumchorea kwenye vumbi: nusu duara, nguzo mbili, mkimbiaji, yule wa katikati. Wifi akafuta nguzo ya kushoto kwa kiatu chake cha ibada, akachora mtu pale. Kocha akamfuta. Wifi akamrudisha. Kipa alikuja amebeba vikinga vyake begani, akawatazama, akatikisa kichwa, akakaa karibu nami kusubiri. Mlinzi wa kiwanja akafika na funguo mkononi, akatuambia kwa heshima kwamba anafunga geti, anaomba tutoke. Wifi hakuinua hata kichwa. Alimwambia asubiri, hapa bado hatujamaliza.